Shoka la Kuazima

Sabato Mchana

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Danieli 1, Danieli 2:24, 2 Wafalme 6:1–7, Yohana 13:1–17, Luka 2:40–52, Matendo 13:1–13, Matendo 15:36–40, 2 Timotheo 4:11.

Fungu la Kukariri: Luka 2:52. Likariri kutoka katika Biblia yako, kisha utaje pande nne ambazo Yesu aliendelea kukua.

Vyuo vinapokaribia kufunguliwa, safari za alfajiri huwa nyingi Dongobesh. Jua halijachomoza, baridi ya nyanda za juu za Mbulu inauma, na pembeni ya basi imesimama familia moja na begi, godoro lililokunjwa na ndoo yenye mfuniko. Baba anauliza kwa mara ya tatu kama barua ya udahili ipo. Mama anatia kitu mkononi mwa mwanawe na kukifumba kiganja chake. Mzee wa kanisa anaomba kwa kifupi, maana kondakta ameanza kuita.

Wazee wa Kiiraqw wana desturi iitwayo slufay, maneno ya baraka ambayo mzee huyatamka na watu waliokusanyika huyaitikia. Kijana anapopanda basi kwenda chuoni, nyumbani wamekwisha kutamka. Wametamka kwa sala, kwa ada, na kwa magunia ya mahindi na vitunguu swaumu vilivyouzwa kabla bei haijapanda. Kilichobaki ni yeye kuitikia.

Somo la juma hili linautazama mwaka wa kwanza chuoni. Ni mwaka ambao kijana hukutana na uhuru ambao hakuwahi kuwa nao, na mara nyingi hukutana pia na nafasi ya kujitolea kwa watu wasio ndugu zake. Maandiko yanawajua vijana wa namna hiyo. Yuko aliyepelekwa masomoni ugenini, wako waliojenga bweni lao wenyewe, na yuko aliyeianza kazi ya Bwana kwa moyo kisha akarudi nyumbani kabla haijakwisha.

*Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya kujiandaa kwa Sabato ijayo.*

Jumapili

Jina Jipya na Meza Mpya

Danieli na rafiki zake watatu hawakuchagua chuo. Walichukuliwa mateka, wakapimwa afya na akili, wakapangiwa masomo ya miaka mitatu katika elimu na lugha ya Wakaldayo. Walipewa hata majina mapya. Majina yao ya nyumbani yalimtaja Mungu wa Israeli, na yale ya Babeli yalikusudiwa kumsahaulisha.

Soma Danieli 1:3–16. Danieli aliyakubali mambo gani ya Babeli, na alikataa nini? Alikataa kwa njia gani?

Danieli hakugoma kusoma. Alijifunza lugha ya kigeni na vitabu vya kigeni, na mwisho wa miaka mitatu mfalme aliona kwamba hakuna aliyemzidi. Jambo moja lilimzuia: meza ya mfalme. Hapo aliazimu moyoni mwake kabla ya kusema neno lolote kwa kinywa. Kisha akaenda kwa mkuu wake kwa adabu, akaomba, na alipoona hofu ya mkuu yule akapendekeza jaribio la siku kumi. Msimamo wake haukumpa ruhusa ya kuwa mkorofi.

Mfikirie sasa binti wa Dongobesh aliyepangiwa chuo katika mji ambao hajawahi kufika. Nyumbani, Ijumaa jua likielekea kuzama, hakuhitaji kukumbuka Sabato; nyumba nzima ilikuwa ikiikumbuka. Maji yalikuwa yamechotwa, nguo zimepigwa pasi, na mama amekwisha kuita watoto kwa ajili ya wimbo. Hosteli hakuna anayeita. Wenzake wa chumbani wanatazama filamu, simu inaonyesha kundi la darasa limepanga majadiliano kesho asubuhi, na jina lake limegeuka kuwa namba ya usajili. Mwezi wa kwanza anagundua kwamba sehemu ya imani aliyokuwa nayo ilikuwa ya mama yake.

Ugunduzi huo unauma, lakini ni mwanzo mwema. Danieli naye hakuwa na mama Babeli. Alikuwa na azimio, na alikuwa na wenzake watatu. Katika vyuo vya Tanzania, vijana Waadventista wamejikusanya kwa miaka mingi katika chama chao cha TUCASA, na kwa mwanafunzi mgeni kundi kama hilo huwa kama Hanania, Mishaeli na Azaria walivyokuwa kwa Danieli. Mtu mmoja akizimikiwa na taa, kuna mwingine wa kumwashia.

Soma Danieli 2:24. Danieli aliomba nini kwa ajili ya wenye hekima wa Babeli?

Watu aliowatetea hapa walikuwa wachawi na wanajimu, watu wa imani nyingine kabisa, na baadhi yao huenda walikuwa walimu wake. Danieli aliomba wasiuawe. Mara nyingi kijana mwaminifu hudhaniwa kuwa mtu wa kujitenga. Maandiko yanaonyesha kwamba azimio la sura ya kwanza lilizaa utumishi wa sura ya pili, na waliofaidika kwanza ni majirani zake wasiomjua Mungu.

*Ni sehemu gani ya imani yako ambayo ingebaki kama leo ungehamia mahali ambapo hakuna anayekufahamu?*

Jumatatu

Shoka la Kuazima

Soma 2 Wafalme 6:1–7. Wana wa manabii walikuwa na shida gani, na waliitatua kwa namna gani?

Wana wa manabii walikuwa wanafunzi wa Elisha. Mahali walipokaa palikuwa padogo. Hawakupeleka lawama, walipendekeza waende Yordani, kila mmoja akate boriti moja, wajenge wenyewe. Mmoja akamwomba mwalimu aende pamoja nao, na Elisha akakubali. Hii ni miongoni mwa picha nzuri za maisha ya shule katika Biblia yote: wanafunzi na mwalimu wao, mikono ina malengelenge, wakifanya kazi isiyo na mshahara.

Ndipo chuma cha shoka kikachomoka na kuzama. Kilio cha kijana yule kinaeleza mengi. Hakulia kwa sababu amepoteza nafasi ya kumaliza kazi. Alilia kwa sababu shoka halikuwa lake. Alikuwa akitumika kwa kitu cha kuazima.

Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hutumika kwa kitu cha kuazima, hata asipofahamu. Kuanzia mwaka 2004, chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, vijiji na kata nchini Tanzania vilihimizwa kujenga shule za sekondari za kata. Wananchi walichangia fedha na nguvu zao. Wengi wa waliobeba mawe, mchanga na maji hawakuwahi kukaa kwenye dawati la sekondari. Walijenga madarasa ya watoto wa watu wengine pamoja na wa kwao. Kijana anayefika chuo kikuu akitokea shule ya kata amepanda juu ya mabega ya watu waliojitolea kabla yeye hajajua kusoma.

Wengi pia husoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Siku fedha ya kujikimu inapoingia, wanafunzi huiita "bumu", na chuo kizima hubadilika sura kwa siku chache. Simu mpya huonekana, na vibanda vya chipsi hujaa. Ni rahisi kusahau kwamba ni mkopo, na kwamba nyuma yake kuna kodi ya mkulima na mfanyabiashara mdogo.

Mwalimu Julius Nyerere aliwahi kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula kwa wenzake. Akila asirudi, alisema, huyo ni msaliti. Paulo naye aliwauliza Wakorintho wenye majivuno ni kitu gani walicho nacho ambacho hawakukipokea (1 Wakorintho 4:7).

Mwanafunzi anayejua kwamba shoka ni la kuazima huacha kujiona mfadhili anapojitolea kufundisha watoto wa mtaani hesabu, au kufagia zahanati, au kuwasomea wazee barua. Anarudisha. Tofauti hiyo hubadilisha hata sauti anayotumia kuongea na wale anaowahudumia.

Na kama shoka likizama? Elisha hakumkemea kijana. Aliuliza tu lilianguka wapi. Muujiza ulipotendeka, kijana aliambiwa ajiokotee, naye akanyosha mkono akakitwaa. Mungu alifanya lisilowezekana, akamwachia mwanafunzi lile lililowezekana.

*Orodhesha watu watatu ambao bila wao usingefika ulipo. Ni yupi kati yao ambaye hajawahi kusikia neno la shukrani kutoka kwako?*

Jumanne

Kulazimishwa na Kupenda

Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam na wenzao wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu. Serikali ilikuwa imeamua kwamba wahitimu watalitumikia taifa kwa miaka miwili katika Jeshi la Kujenga Taifa, na kwamba kwa sehemu kubwa ya muda huo watakatwa zaidi ya nusu ya mshahara. Wanafunzi walipinga. Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza mamia yao warudi makwao. Lakini siku hiyo alifanya jambo lingine lililokumbukwa kwa muda mrefu zaidi: alitangaza kwamba anapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, lilikuja Azimio la Arusha.

Tukio hilo linafundisha mambo mawili. La kwanza, utumishi wa kulazimishwa huibua mahesabu moyoni: nimetoa kiasi gani, nimebakiza kiasi gani. La pili, yeye anayewaita wengine kujinyima huaminika anapoanza na nafsi yake.

Soma Yohana 13:1–17. Yesu aliwaagiza wanafunzi wake nini, na alikuwa ametenda nini kabla ya kuwaagiza?

Ilikuwa desturi mtumishi wa chini kabisa awaoshe wageni miguu. Jioni ile mtumishi hakuwapo, beseni lilikuwapo, na wanafunzi kumi na wawili walijifanya hawalioni. Kila mmoja alijua kwamba akishika kitambaa, amekubali kuwa mdogo. Yesu aliondoka chakulani akajifunga kitambaa. Yohana anaeleza sababu kwa uangalifu: Yesu alijua kwamba Baba amempa vyote mikononi mwake, na kwamba alitoka kwa Mungu na anarudi kwa Mungu. Aliyejua vema cheo chake ndiye aliyeweza kuinama bila kuogopa kukipoteza.

Hapa ndipo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hujikwaa. Yeye bado hajui cheo chake. Ametoka mahali alipokuwa wa kwanza darasani, akafika mahali ambapo kila mtu alikuwa wa kwanza darasani. Lafudhi yake huchekwa. Kwa hiyo hutafuta cheo, na huduma inaweza kugeuka kuwa njia ya kukipata. Binti wa Dongobesh anajiunga na kundi linalotembelea wagonjwa Sabato alasiri katika hospitali kubwa ya mji. Majuma ya mwanzo hakosi. Hakosi kwa sababu picha hupigwa mlangoni, na jioni picha hizo husifiwa kwenye kundi la simu, mpaka Dongobesh. Mathayo 6:1–4 inasema juu ya watu wa namna hiyo kwamba wamekwisha kupata thawabu yao. Wameilipwa yote, na haikuwa nyingi.

Bwana hamfukuzi mtu anayeanza na nia iliyochanganyika. Petro alianza kwa kukataa kuoshwa, kisha akataka aoshwe hata mikono na kichwa. Hakuelewa upande wowote. Yesu aliendelea kumwosha. Paulo alipotaka Filemoni atende wema, alijizuia kumwamuru, ili wema ule utoke kwa hiari (Filemoni 14). Mungu anaweza kungoja mpaka moyo upende.

*Ni huduma gani unayoifanya sasa ambayo ungeendelea nayo hata kama hakuna atakayejua?*

Jumatano

Kukua Pande Nne

Soma Luka 2:40–52. Yesu alikuwa na umri gani, na alikuwa akifanya nini hekaluni? Alifanya nini baada ya hapo?

Luka anamwonyesha Yesu katikati ya walimu, akisikiliza na kuuliza. Mwana wa Mungu aliuliza maswali. Kisha alirudi Nazareti akawatii wazazi wake, na huko akaendelea kukua katika hekima, katika kimo, katika kumpendeza Mungu na kuwapendeza wanadamu. Akili, mwili, roho na uhusiano na watu vilikua pamoja. Hakuna upande uliolipia upande mwingine.

Binti wa Dongobesh alikuwa na jambo moja alilolificha. Kiswahili chake kilibeba lafudhi ya Kiiraqw, na wenzake walipoiga matamshi yake alijifunza kusema maneno machache. Sabato moja wodini, wauguzi walikuwa wamekwama na bibi mmoja aliyeletwa kutoka Mbulu. Hakuelewa Kiswahili vizuri, alikataa dawa, na alikataa kula. Mjukuu aliyemleta alikuwa amerudi nyumbani kutafuta fedha. Binti alisimama mbali kidogo, akapigana na moyo wake, kisha akasogea na kumwamkia bibi kwa lugha ya nyumbani.

Bibi aliushika mkono wake, akalia. Kumbe hakuwa mkaidi. Alidhani ameletwa kufia ugenini na kwamba dawa ile ni ya kumlaza asiamke. Binti alikaa kitandani saa mbili, akafasiri maneno ya daktari, akamlisha uji. Siku hiyo hakuna aliyepiga picha. Kilichokuwa aibu yake darasani kilikuwa ndicho kitu pekee katika wodi nzima ambacho bibi yule alikihitaji. Lugha ile nayo ilikuwa ya kuazima. Mama yake ndiye aliyempa.

Hivyo ndivyo kujitolea kunavyomkuza mtu. Darasani hujifunza kile asichokijua. Penye huduma hugundua kile alichokuwa nacho bila kujua thamani yake.

Lakini Luka ana neno la tahadhari pia kwa wenye bidii. Baada ya Sabato ile, binti alisema ndiyo kwa kila kitu. Hospitali, kwaya, Dorkasi, mahubiri ya mtaani, kamati ya chakula ya TUCASA. Alianza kukosa vipindi vya asubuhi. Alilala saa nne kwa usiku. Matokeo ya muhula yalipotoka, alikuwa na mitihani miwili ya kurudia, ile ambayo wanafunzi huiita "sapu". Wazazi waliouza vitunguu swaumu walikuwa wamemtuma kwanza asome, na Mungu hakuwa amelifuta agizo lao. Kutumika kwa kuyatupa masomo ni kulipa deni moja kwa kukopa jingine.

Yesu aliyejua kwamba imempasa kuwa katika mambo ya Baba yake ndiye aliyeshuka Nazareti akaishika kazi ya seremala kwa miaka mingi kabla ya kuhubiri. Saa ya kujisomea, saa ya kulala na saa ya kula ni sehemu ya wito. Na Sabato ni ngao ya mwanafunzi: mara moja kwa juma huwekwa mbali na madai yote, hata na dai la kuonekana wa maana sana kanisani.

*Kati ya pande nne za Luka 2:52, ni upande upi unaodhoofika katika maisha yako sasa? Ni upande upi unaoula?*

Alhamisi

Yule Aliyerudi Nyumbani

Soma Matendo 13:1–13 na Matendo 15:36–40. Ni nini kilichotokea kati ya Paulo, Barnaba na Yohana Marko?

Marko alitoka nyumba njema. Mama yake, Mariamu, alikuwa na nyumba Yerusalemu ambamo kanisa lilikusanyika kuomba (Matendo 12:12). Safari ya kwanza ya utume ilipoanza, alikwenda kama msaidizi. Walipofika Perge katika Pamfilia, aliwaacha akarudi. Luka haelezi sababu. Huenda ni hofu, huenda ni homa, huenda ni kumkumbuka mama. Maandiko yananyamaza, na kunyamaza kwao kunamsitiri kijana yule.

Binti wa Dongobesh naye alirudi likizo akiwa ameacha kila kitu. Baada ya sapu, aliogopa. Aliondoka katika kundi la hospitali, akaacha kwaya, akaacha hata ibada za Ijumaa jioni. Sabato ya kwanza nyumbani alikaa kiti cha nyuma. Mzee wa kanisa aliwaita wanafunzi wa vyuo wasimame watoe salamu na kueleza habari za chuoni. Wenzake wawili walisimama. Yeye aliinamisha kichwa akatafuta kitu ndani ya mkoba.

Katika kila kanisa la nyumbani yuko Paulo, na yuko Barnaba. Paulo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sababu: kazi ni ngumu, maisha ya watu yako hatarini, na aliyetoroka mara moja aweza kutoroka tena. Makanisa yanahitaji watu wanaoipima kazi hivyo. Lakini Barnaba alimwona Marko mwenyewe. Akamchukua, wakaenda Kipro, kisiwa cha nyumbani kwa Barnaba. Hakumpa hotuba. Alimpa safari ya pili iliyo ndogo kuliko ya kwanza, na akasafiri pamoja naye.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Barnaba alipoteza mwenzake wa kazi, na baada ya hapo kitabu cha Matendo hakisimulii tena safari zake. Alilitoa jina lake kwa ajili ya kijana aliyeshindwa.

Soma 2 Timotheo 4:11. Paulo alisema nini juu ya Marko mwishoni mwa maisha yake?

Paulo mzee, akiwa gerezani, aliomba aletewe Marko, kwa kuwa amfaa kwa utumishi. Neno "amfaa" ni ungamo la mtume. Na Injili ya pili ina jina la kijana aliyerudi nyumbani kutoka Perge. Hakuna mwinjilisti aliyestahili zaidi kusimulia habari za wanafunzi waliomwacha Bwana wakakimbia, na za malaika kaburini aliyemtaja Petro kwa jina ili ajue kwamba bado anaitwa (Marko 16:7).

Ibada ilipokwisha Dongobesh, mama mmoja wa Dorkasi, asiyejua kusoma, alimfuata binti mlangoni. Hakumwuliza habari za matokeo. Alimwambia Jumapili anakwenda kumpalilia shamba mjane aliye mgonjwa, na jembe la pili analo. Binti alisema, "Shikamoo, mama," kwa sababu hakupata neno lingine. Kesho yake alikwenda.

*Ni nani katika kanisa lenu aliyerudi kutoka "Perge", na ambaye hakuna aliyemwuliza tena aje kusaidia?*

Ijumaa

Jifunze Zaidi: Katika kitabu Education, kilichochapwa mwaka 1903, Ellen G. White anamtazama Danieli na Yusufu kama vijana walioondolewa nyumbani mapema, na anafundisha kwamba elimu ya kweli humkuza mtu mzima, mwili, akili na roho, na kumwandaa kwa furaha ya kutumika. Mwaka huo huo wa 1903 wamishonari wa kwanza Waadventista walifika milima ya Upare, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania. Wazo na kazi vilisafiri pamoja.

Historia ya utume ina nafasi ya pekee kwa wanafunzi wachanga. Mwaka 1806 Samuel Mills, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika Chuo cha Williams huko Massachusetts, Marekani, alikuwa akiomba porini na wenzake wanne mvua ya radi ilipowakuta. Walijibanza penye lundo la nyasi kavu, wakaendelea kuomba kwa ajili ya mataifa ya mbali. Miaka minne baadaye, kutokana na msukumo wa vijana wa kundi hilo, iliundwa bodi ya kwanza ya Marekani ya kutuma wamishonari ng'ambo. Mwaka 1959 chuo cha Kiadventista kilichokuja kuitwa Columbia Union, Maryland, kilimtuma mwanafunzi wake kutumika Mexico, na tangu hapo wanafunzi wamishonari wamekwenda sehemu nyingi za dunia.

Na jirani na Dongobesh, Jumapili asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani, kikiwamo Gendabi. Zaidi ya watu 80 walikufa. Wanajeshi walikuja na mitambo, na misaada ikaletwa kutoka sehemu nyingi za nchi. Lakini saa za kwanza, kabla gari lolote halijafika, aliyekuwapo ni jirani mwenye jembe. Siku ya namna hiyo hakuna muda wa kujifunza kupenda. Mtu hutoa kile ambacho siku za kawaida zimekwisha kukiweka ndani yake.

Maswali ya Kujadili:

1. Darasani, linganisheni Danieli katika sura ya 1 na Danieli katika 2:24. Kwa nini baadhi ya vijana waaminifu hujitenga na wenzao wasioamini, na wengine hujitoa kwa ajili yao? Kanisa la nyumbani huchangia nini katika tofauti hiyo?

2. Je, ni sawa chuo au shirika kumtaka mwanafunzi afanye kazi ya kujitolea ili apate alama au cheti? Utumishi unaoanza hivyo unaweza kugeuka kuwa wa upendo? Tumieni Yohana 13 na Filemoni 14 katika majibu yenu.

3. Binti wa Dongobesh alifanya vema kumhudumia bibi, na alikosea kuyaacha masomo. Mtu anawezaje kutambua mapema kwamba huduma imeanza kuchukua nafasi isiyo yake? Nani anapaswa kumwambia, na kwa maneno gani?

4. Katika Matendo 15, je, Paulo alikuwa na haki? Je, Barnaba alikuwa na haki? Inawezekana wote wawili walihitajika ili Marko akue?

5. Andikeni majina ya vijana wa kanisa lenu walio mwaka wa kwanza chuoni sasa. Gawaneni majina hayo miongoni mwa wanadarasa. Kila mmoja ampigie simu kijana wake kabla ya jua kuzama Ijumaa ijayo, na kabla ya kumwuliza habari za mitihani, amwulize amekula nini.